Mkono wa Mama Ndani ya Pumba

Mama alifariki wakati wa theluji, akaniachia mtungi wa pumba za mpunga zilizotiwa chumvi. Tango likizikwa humo jioni, asubuhi huchimbuliwa limekuwa achari. Sharti ni moja: zikorogwe kila siku kwa mkono mtupu, maana vijidudu vya mkono wa mkorogaji ndivyo vinavyotia ladha. Mama alizikoroga miaka hamsini na mitatu. Kila nikiinamia ule mtungi nilisikia harufu ya Mama, nikasahau kuwa nimebaki peke yangu.

Mfereji wetu nao ulikuwa mweusi, unanuka vibaya. Mtaa ulishaamua Mama akiwa bado hai: usipotakata kabla ya Obon, siku ambazo wafu huja kututembelea, taa za kuwarudisha kwao hazitaelea hapa. Zitapakiwa kwenye lori hadi mto mkubwa. Na Mama alishaniambia waziwazi, "Sumie, mimi lori sipandi."

Basi mwezi wa sita tulikaa ukingoni chini ya manyunyu, tukifinyanga madonge ya udongo, pumba, molasi na maji ya chachu. Vijidudu vilivyomo vingekula uchafu wa chini. Matete tuliyopanda yangenyonya uliobaki. Mvua ilinong'ona, viganja vyangu vikazunguka vyenyewe, na nikawaza kama niliye usingizini: nani anajua kuchachusha kumshinda Mama? Nikaenda nyumbani, nikaleta mtungi, nikaumimina wote kwenye madonge yangu.

Wiki mbili baadaye madonge ya wenzangu yalikuwa yameota ukungu mweupe kama pamba, dalili kwamba yako hai. Yangu yalikuwa na vipara.

Mzee Kurihara, jirani yangu aliyefiwa na mkewe, akalamba moja, akatema.

"Chumvi! We Sumie, unawatengenezea samaki achari?"

"Ni pumba za Mama."

"Zote?"

"Zote."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka tena.

Madonge ya wenzangu yakatupwa majini. Joto likaja, harufu ikapungua siku hadi siku, na mwezi wa nane tukaiona miguu ya matete na visamaki vikipita katikati yake. Njia ya Mama ilikuwa wazi. Lakini angefika nyumbani akute mtungi mtupu, na mimi ndiye niliyeumwaga. Nilijichukia. Kila alfajiri mkono wangu ulikwenda wenyewe mtungini, ukagusa kitako chake kikavu.

Siku ya kwanza ya Obon, Mzee Kurihara alibisha hodi na bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Mama yako alimpa marehemu mke wangu konzi moja ya pumba, mwaka ule tulipooana."

"Na bado unazikoroga? Wewe si huli achari, Mzee?"

"Sili. Inanuka soksi."

"Sasa unakoroga za nini?"

Aliangalia mfereji. "Mkono wa mke wangu umo humu bakulini."

Akachora mstari katikati kwa kidole, akanimiminia nusu. Nikazamisha mkono hadi kifundoni. Zilikuwa na uvuguvugu. Nililia mbele yake bila haya.

Siku ya nne, jioni, taa ya Mama iliondoka polepole kati ya matete, ya mke wa Mzee ikiifuata. Tulisimama kwenye ngazi za mfereji.

"Leo umekoroga?" akauliza.

"Mara tatu."

"Moja inatosha, mwanangu. Mwache mama yako apumzike."