Jina Huulizwa Nje

Mtoto alikuwa hajamaliza hata saa moja duniani, na jikoni watu walishaanza kumgombania jina. Léan aliwasikia vizuri kutoka kitandani, maana kati ya chumba chake na jiko palikuwa na ukuta wa mbao tu, na majirani wa pwani ile hawajui kunong'ona.

"Mwiteni Sadhbh," mmoja alisema. "Jina la kimalkia hilo."

"Malkia wapi! Sadhbh niliyemjua mimi alikuwa na mbuzi mmoja na meno mawili."

"Basi Muireann. Au Fionnuala, lina mwendo wake."

"Fionnuala refu mno, bwana. Ukimwita mtoto aje kunywa chai, akifika imeshapoa."

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Ndipo Bibi Hanora, mama mkwe wa Léan, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga kikao, "Ataitwa Philomena. Masista wa shule watalipenda, na shangazi zake walioko Boston hawatajiuma ulimi."

"Ataitwa Gobnait," Léan aliita kutoka chumbani.

Mtu mmoja jikoni akapaliwa na chai.

Ni jina la zamani, la mtakatifu aliyefuga nyuki, lakini siku hizo vijana walilifanyia mzaha. Wakitaka kumwigiza mwanamke mshamba kwenye mchezo, walimwita Gobnait, na ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Kwa Léan halikuwa mchezo. Lilikuwa jina la mama yake mzazi. Alipokuwa msichana, Gobnait huyo alikwenda mjini Cork kutumikia katika nyumba ya mfanyabiashara, na mama mwenye nyumba akamwambia wazi kwamba jina hilo linafaa ng'ombe, hapa utaitwa Mary. Akaitika Mary ujana wake wote. Alifariki majira ya baridi yaliyopita, Léan akiwa na mimba changa, na pale kaburini Léan aliapa kwamba binti akizaliwa, jina la mama yake litaitwa kwa sauti na hakuna atakayeligeuza. Isitoshe, haki ilikuwa yake. Tangu enzi na enzi binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Hata watoto wa huko walijua hivyo.

Bibi Hanora aliingia chumbani akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, hilo jina ni la mwanamke wa miguu mipana, anayefukuza bata."

"Mama yangu alikuwa na miguu mipana."

"Mungu amrehemu, sikumsema yeye."

"Wa pili nitampa jina lako, mama. Huyu ana lake."

"Langu mimi silitaki! Nataka mtoto asichekwe, basi. Ndio kosa langu hilo?"

Mumewe Léan, Muiris, alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi. Alikuwa mwanamume wa kuvuta makasia siku nzima asilalamike, lakini kati ya mama yake na mkewe alikuwa hana mifupa. "Mimi simo," alisema, akaenda kumtazama punda.

Kesho yake Bibi Hanora alibadilika ghafla. Alileta supu, akaupanga mto, akasema haya, Gobnait na awe Gobnait. Léan alimshukuru machozi yakimlengalenga. Hakujua kwamba anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Siku ya ubatizo ilipofika, Léan alibaki nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke aliyejifungua hakanyagi kanisani wala kwa jirani mpaka padri amsomee baraka yake, na mtoto hapelekwi na mama, hupelekwa na mama wa ubatizo. Safari hii alikuwa Eibhlín, dada yake Muiris, msichana mpole aliyemwogopa mama yake kuliko radi. Akapanda gari la punda pamoja na Muiris na Bibi Hanora, mtoto kafungwa ndani ya shali nyeupe, wakaondoka kwa barabara inayoizunguka ghuba.

Mkunga, Bibi Síle, ndiye aliyebaki kumwangalia mzazi. Alimenya viazi, akaimba kidogo, akapuliza moto. Kisha ulimi ukamteleza.

"Hata hivyo Philomena ni jina tamu. Usiliweke moyoni."

Léan aliinuka. "Umesemaje?"

Bibi Síle aliiweka sufuria chini polepole. "Yesu na Maria. Nilidhani unajua. Hanora kamfunza Eibhlín la kusema tangu jana."

Damu ilimpanda Léan kichwani. Kumbe ile supu! Kumbe ule mto! Alichukua shali yake ya kahawia akajifunga.

"Unakwenda wapi, mwendawazimu wewe? Hujabarikiwa!"

"Bahari imekupwa?"

"Imekupwa, lakini..."

"Basi napita mchangani, nikate ghuba niwawahi kanisani."

"Utatuletea nuksi kijiji kizima! Utaanguka, damu ikutoke, nimwambie nini Muiris? Léan! Ngoja basi uvae viatu!"

Hakungoja. Alishuka pwani peku, na Bibi Síle nyuma yake, viatu vya mzazi mkononi, akimlaani na kumwombea kwa pumzi ile ile. Mchanga ulikuwa baridi wa kukata nyayo. Tumbo lilimuuma, na mara mbili alisimama ameinama huku mkunga akimshika kiuno. Ng'ambo ya ghuba aliliona gari la punda likitambaa barabarani kwa raha zake.

"Rudi, mwanangu," Bibi Síle alimsihi, sasa kwa upole. "Hata ukifika, utaingiaje? Padri hatakuruhusu kuvuka mlango."

Léan alifuta jasho. "Bibi, umepeleka watoto wangapi kubatizwa?"

"Wasiohesabika."

"Jina padri huliuliza wapi?"

Mkunga alijipiga kofi pajani. Padri humpokea mtoto kizingitini, nje, kabla hajamwingiza kanisani, na jina huulizwa hapo hapo. Bibi Hanora, na ujanja wake wote, alikuwa amelisahau hilo. Alitegemea mlango ambao Léan hakuuhitaji.

"Twende," alisema Bibi Síle, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia.

Walipopanda kutoka pwani, padri alikuwa amesimama kizingitini na kitabu chake, Eibhlín mbele yake na mtoto, Bibi Hanora kando, bega kwa bega na ushindi wake.

"Mtoto anaitwa nani?" padri aliuliza.

"Phi..." alianza Eibhlín.

"Gobnait!"

Wote waligeuka. Léan alikuwa getini, nywele zimemtawanyika, miguu imejaa mchanga.

"Léan," alisema padri kwa ukali, "wewe hujabarikiwa."

"Najua, Padri. Na sijaingia kanisani. Nimesimama kwenye kokoto, wanaposimama punda."

Midomo ya padri ilicheza kidogo, lakini akajikaza. "Mama anasema moja, mama wa ubatizo ana lingine. Muiris, baba wa mtoto ni wewe. Sema."

Hapo Léan aliogopa kuliko alivyoogopa njia nzima. Muiris alimtazama mama yake. Akatazama nyayo za mkewe, nyekundu kwa baridi. Akavua kofia.

"Binti wa kwanza ni wa bibi mzaa mama," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Gobnait, Padri. Na usiandike lingine."

Padri akainama juu ya mtoto. "Gobnait," alimwita, "unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" Léan alilia waziwazi, akacheka humo humo kwenye kilio, na hakujali nani anamwona. Mama yake alikuwa ameitwa kwa jina lake.

Alisubiri nje mpaka wakatoka, akampokea mwanawe, akapanda garini kama mtu aliyerudi na kombe. Bibi Hanora alikaa upande wa pili, uso kaugeuzia ghuba. Kwenye nyumba ya kwanza ya kijiji walimkuta jirani mmoja getini, mikono kiunoni, akiwangoja.

"Haya, leteni habari! Kapewa jina gani?"

Léan alivuta pumzi ajibu, lakini Bibi Hanora alimtangulia.

"Gobnait."

Jirani aliziba mdomo kwa aproni, mabega yakamtikisika.

Bibi Hanora alimsimamisha punda. Akainuka garini, akajishika kiuno.

"Anaitwa Gobnait, jina la bibi yake," alisema. "Ukimaliza kucheka, njoo nyumbani uniambie mimi kinachokuchekesha. Nitakuwepo."

Jirani hakucheka tena. Bibi Hanora akaketi, akamfunika mtoto vizuri kwa shali, akamwambia Muiris aende polepole, maana mbele bado kulikuwa na nyumba nyingi.