Santuri Iliyoitwa Kisima

Kazini walimwita Bi Sindano. Majirani waliposikia jina hilo walidhani ni muuguzi, na mmoja alishawahi kumletea mtoto achanjwe. Kumbe sindano yake ilikuwa ile ya kuchezeshea santuri. Alikuwa mtunza sauti wa kituo cha redio. Siku nzima aliketi katika chumba kisicho na dirisha, akizisafisha santuri kuukuu kwa brashi laini, akizicheza mara moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta kabla hazijaharibika kabisa. Alikuwa amefika kabati la kumi na moja, na masikio yake yalishashiba. Muziki ukipita, yeye aliangalia mshale wa sauti tu huku akimenya chungwa.

Jumatatu moja asubuhi, chini kabisa ya kabati hilo, alikuta santuri isiyo na jalada. Lebo yake ilikuwa nyeupe, haina jina la bendi wala la wimbo, ila mhuri mwekundu wenye mwaka, karibu miaka hamsini nyuma, na neno moja: ISIPIGWE. Aliipangusa vumbi, akashusha sindano.

Kwanza kimya. Kisha mwanamume akajikohoza, mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu. Halafu besi ikaingia.

Bi Sindano aliweka chungwa chini.

Besi ile haikuwa na haraka. Ilitembea kama mwenye nyumba yake, dramu ikiifuata kisogoni, mpaka mabega ya Bi Sindano yakaanza kucheza bila kumwomba ruhusa. Gitaa likapasuka, likalia kama bati linalochanwa, likaenda zake mbali na kurudi kutoka upande mwingine, hata chumba kikaonekana kimetanuka. Mwimbaji alifoka, akacheka, akanong'ona maneno yale yale manne, "Nani amefunga mlango huu?", mpaka yakaacha kuwa maneno. Wimbo wa pili haukufika hata dakika mbili. Ulikuwa mbio tupu, kama watu wanaokimbia na vyombo mikononi. Wa tatu ulijaza upande wote wa pili. Ulipokwisha, alijikuta amesimama, vinyweleo vimemsimama mikononi, na hakumbuki aliinuka saa ngapi.

Tena alikuwa anaujua muziki ule! Gitaa hilo alilisikia katika wimbo uliovuma alipokuwa shule. Mbio hizo alizisikia kwa wale vijana wa zamani wa suruali zilizochanika na pini masikioni. Lakini mhuri ulisema santuri hii iliwatangulia wote.

Akamwita Profesa Kanda, mtangazaji mkongwe ambaye alishastaafu mara mbili na kurudishwa mara mbili. Profesa alikuja na kikombe chake cha chai. Besi ilipoingia tu, akaketi sakafuni, mzee mzima, na suti yake.

"Kisima," alisema. "Mwanangu, umeitoa wapi? Hii ni Kisima!"

"Kisima ndiyo nini?"

"Ndilo jina tulilompa mtoto asiye na jina. Nilikuwa mtangazaji mpya. Wakubwa waliisikiliza dakika mbili, wakasema ni kelele za wagonjwa, wakapiga mhuri. Kabla hawajaifungia, nikairekodi kwenye kanda. Nikampa mtu mmoja tu. Mmoja! Naye akampa mwenzake. Kila bendi iliyokuja baadaye ilikuwa na nakala ya nakala ya kanda ile. Tuliiita Kisima kwa kuwa inasikika kama imepigwa chini ya ardhi. Wapo walioapa kwamba wapigaji wote walikufa. Miaka yote hii natafuta jina moja, hata la mpiga dramu. Sijapata."

Bi Sindano aliirudisha sindano mwanzo. Wakasikiliza tena mwanamume akijikohoza.

"Profesa," alisema, "huyu namjua. Ni baba mkwe wangu."

Hakuwa anabahatisha. Baba mkwe wake, fundi bomba, hakuwahi kuingia nyumbani kwa mwanawe bila kujikohoza mlangoni, mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu, ili mkwe wake apate nafasi ya kujiweka sawa. Kwa miaka tisa alikuwa ameisikia sauti hiyo. Angeitambua sokoni.

Alasiri alimkuta kwenye karakana yake, akikata bomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Koki ya jikoni tena?"

"Koki nzima. Nimekuletea kitu usikilize."

Alimvisha hedifoni, akabonyeza simu. Mzee alisikia, akaganda, msumeno mkononi. Alisimama hivyo hivyo mpaka mwisho, dakika thelathini na tano. Kisha akazivua taratibu.

"Nani alikwambia?"

"Wewe mwenyewe, baba. Ulijikohoza."

Mzee alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa chenye grisi. Akaeleza. Walikuwa wanne, wanafunzi wa ufundi bomba, na walipewa kazi ya kusafisha tangi kavu la maji chini ya kiwanda cha sabuni. Mmoja alipiga mluzi mle ndani, na mluzi ukazunguka mpaka wakaogopa. Siku ya mapumziko wakarudi na vyombo, wakaning'iniza maikrofoni moja kwa kamba, wakapiga tangu asubuhi hadi jua lilipozama. Zilitengenezwa santuri hamsini. Redio ilipokataa, kiwanda cha santuri kikaziyeyusha zilizobaki. Mpiga gitaa akafariki mwaka uliofuata.

"Nikauza besi, nikanunua spana. Hata mama yenu sikumwambia. Ningesema nini? Kwamba tulipiga kelele, watu wakatukataa?"

"Hawakuwakataa, baba."

Mzee hakumsadiki. Basi Bi Sindano akamchezea nyimbo za wengine, moja baada ya nyingine, za miaka na miaka. Kwenye wa tatu, vidole vya mzee vikaanza kutembea juu ya bomba, vikitangulia wimbo ambao hajawahi kuusikia.

"Huu mstari wa besi ni wangu," alisema polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa wajukuu asiojua kwamba anao.

Jumamosi saa nne asubuhi, Profesa Kanda aliipiga Kisima hewani, pande zote mbili, bila kutia neno. Mwisho akasoma majina manne, yaliyoandikwa kwa penseli ya fundi.

Kufika adhuhuri, mlinzi alipiga simu ndani akiuliza kama kuna mgomo. Getini walijaa watu wenye mvi, kanda mikononi. Fundi bomba, aliyekuwa studio tangu asubuhi, alitoka na suti yake ya harusini, mkwewe nyuma yake.

Akasogea mwanamke mmoja, kichwa amekinyoa, pini ya chuma sikioni. Bi Sindano alimtambua kwa picha za zamani: huyu alikuwa akitetemesha viwanja kwa gitaa lake. Sasa aliinamisha kichwa mbele ya mzee.

"Naomba kuiona mikono yako," alisema. "Basi."

Fundi bomba aliinyoosha, yenye makovu na kucha zilizopasuka. Mwanamke aliitazama, hakuigusa. Nyuma yake watu walikuwa wanajipanga mstari, kimya, kila mmoja akisubiri zamu.