Swali la Samaki

Athman, mpiga picha za eksirei hospitalini, alikuwa na swali moja aliloliamini kuliko mashine yenyewe. Kabla mgonjwa hajapanda kwenye meza ya eksirei kupigwa picha ya figo, alimtazama usoni na kumuuliza kama samaki humdhuru. Akijibiwa hapana, alitia alama kwenye fomu, na mgonjwa akadungwa ile dawa yenye iodini, inayopita kwenye mishipa hadi kwenye figo na kuzifanya zionekane wazi kwenye picha. Fomu ilikuwa na maswali mengine matatu, likiwemo la kubanwa na kifua, lakini foleni ilikuwa ndefu na Athman alikuwa mtu wa haraka. Aliuliza moja, akatia alama zote nne.

Swali hilo alilitoa Mombasa, alikozaliwa na kujifunzia kazi. Huko aliambiwa kwamba mtu anayetokwa na vipele akila samaki ndiye wa kuogopwa na dawa ile, na kweli aliwahi kuona wawili wakirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Basi akalibeba mpaka Nyeri, akalishika kama amri.

Huo ulikuwa mwaka wa 1974, mwaka wake wa pili mlimani, na hakuna hata mgonjwa mmoja aliyekuwa amemjibu ndiyo. Wachuuzi wa Karatina, wachuma chai wa Kangema, wapasua mbao wa Nanyuki, wote hapana. Athman alifurahi, tena akajisifu. Alimwambia Daktari Wamae, ambaye ndiye aliyedunga sindano, kwamba watu wa huku wana damu safi, na daktari akacheka akidhani ni utani. Athman, mtu mzima, mwenye cheti ukutani, hakujiuliza hata siku moja kwa nini hakuna aliyejibu ndiyo.

Asubuhi ya Jumatano aliingia Kagure, mama wa miaka thelathini hivi, mkulima wa upande wa Kieni. Ubavu ulikuwa umemsumbua tangu Krismasi na daktari alishuku mawe ya figo. Aliulizwa habari ya samaki akajibu hapana kwa heshima, akalala pale mezani, akafumba macho.

Dawa ilipoanza kuingia alisema anasikia joto mwili mzima. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, na Athman akageuka kuandaa filamu. Nyuma yake mama akapiga chafya. Akapiga tena, mara tatu mfululizo, akaanza kujikuna shingo. Athman alipomtazama alikuta midomo imevimba, kifua kimejaa mabaka, na pumzi inatoka kwa mluzi. Kagure alimshika mkono kwa nguvu, akataka kusema kitu. Kisha mkono ukalegea.

Athman aliganda. Miaka yote ya kazi hakuwa ameona mtu akimwondokea hivyo, mchana kweupe, akiwa amelala kwenye meza yake. Daktari Wamae alimpigia kelele alete adrenalini, na chupa ya kwanza ikamponyoka ikavunjika sakafuni. Ya pili aliishika kwa mikono miwili. Daktari akadunga, akainua miguu ya mama, akatafuta mapigo asiyapate, akadunga tena. Athman alishikilia mpira wa oksijeni. Zilipita dakika nne hivi ndipo kifua kile kikapanda chenyewe.

Nusu saa baadaye Kagure aliweza kuzungumza. Athman alichuchumaa kando yake, na kwa vile hofu ilikuwa haijamwisha, sauti ilimtoka kwa ukali.

"Mama, mbona ulinificha? Nilikuuliza habari ya samaki."

"Sikukuficha, daktari. Uliuliza kama samaki inaniletea shida. Italeta shida namna gani na sijawahi kula?"

"Hujawahi kula samaki? Hata mara moja?"

"Hata kugusa. Kwetu hakuna mtu anakula hiyo kitu. Baba yangu alikuwa anasema ni nyoka ya maji. Ile iko mtoni ni Wazungu walikuwa wanavua."

Hapo ndipo Athman alipoelewa. Wale wote waliomjibu hapana walikuwa wamesema kweli, na ukweli wao haukuwa na maana yoyote. Kwa miaka miwili alikuwa amewalaza watu mezani pale akidhani amewauliza kitu.

Daktari Wamae, mzaliwa wa huko huko, aliinama akamuuliza mama polepole kama kuna kitu chochote kinachomfungia pumzi.

"Pareto," Kagure alisema. "Nikivuna hiyo maua ya dawa ya wadudu kifua inafunga kabisa, na mwili yote inawasha. Nilikuwa niwaambie, lakini hakuna mtu aliniuliza."

Daktari alichukua fomu, akatazama zile alama nne, akamtazama Athman. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu ni maswali mangapi aliyokuwa akiuliza, na Athman akajibu kwamba ni moja, sauti yake mwenyewe akaiona ngeni. Aibu ilimchoma hadi machozi yakamlengalenga.

"Nenda huko nje," daktari akasema. "Uliza ya pareto."

Kwenye benchi la ukumbini walikuwa wamekaa watu watano wa picha ya figo, wametulia, fomu zao zimeshatiwa alama tangu saa mbili. Athman alisimama mbele yao.

Aliwauliza ni nani kati yao hubanwa na kifua akivuna pareto.

Walitazamana. Kabura, msichana aliyekuwa wa kufuata, alikuwa ameshakunja mkono wa sweta yake tayari kwa sindano. Aliuinua mkono huohuo.