Kifusi cha Soko la Zamani

Lori la kwanza lilimwaga kifusi kwenye mfereji wetu asubuhi, wifi yangu Eustolia akiwa amepiga magoti anapanda miche ya saladi. Shamba lao, yeye na kaka yangu Hilario, limezungukwa na maji pande tatu. Matope ya mfereji ndiyo mbolea, na maji yake ndiyo ya kumwagilia. Dereva hakuteremka wala kuzima injini. Alinyanyua tela, matofali na zege vikaporomoka majini, akaondoka.

Yakaja mengine. Haikupita wiki, maji yakawa meupe kwa chokaa, samaki wakaelea matumbo juu, na miche ikaungua majani.

Eustolia alikwenda ofisi ya mji wetu, San Jacinto Atlapan. Mhandisi Barragán, aliyekuwa akisimamia usafi, alimpokea vizuri, hata kahawa akampa.

"Mama, hayo ni malori ya wahuni," alimwambia. "Hatujui yanatoka wapi. Tuletee ushahidi."

Eustolia akayapiga picha malori. Namba zote zilikuwa zimepakwa matope.

"Hapa naona matope tu, mama," alisema Barragán, akamrudishia simu.

Siku hiyo Hilario alimwambia mkewe, "Basi, Tola. Tuwaachie."

"Tuwaachie, halafu tukaishi wapi? Makaburini kwa mama yako?"

Kaka yangu alikaa kando ya maji mikono ikining'inia, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa amezeeka.

Nilikwenda kuwasaidia kuopoa mawe. Tulikuwa tukivuta bamba moja la zege, likapinduka, nikaona vigae vya kijani. Juu yake kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: *Samaki wa Chole*.

Maisha yangu yote niliuza tamale, maandazi ya mahindi ya mvuke, katika soko la zamani, meza yangu ikitazamana na ya Chole. Na soko lile halikubomolewa na wahuni. Lilibomolewa na ofisi ya mji, kwa sherehe na tarumbeta, ili lijengwe jipya.

"Wifi," nilisema, "hiki kifusi ni chao wenyewe."

Eustolia alikifuta kigae tope kwa kiganja. Kisha akasema, "Lete mtumbwi."

Tulipakia mpaka mtumbwi ukakaribia kuzama. Gatini tuliazima mkokoteni. Hilario hakutaka kuja, lakini alipotuona tunashindwa kuusukuma, alikuja akausukuma. Ilikuwa Jumapili ya gulio, uwanja umejaa watu. Tukamwaga kila kitu mlangoni pa ofisi.

Barragán alitoka mbio. "Mmerukwa na akili? Nani atauondoa uchafu huu?"

"Wahuni," alisema Eustolia. "Si ulisema hamjui unatoka wapi?"

Watu wakacheka, wakasogea. Chole mwenyewe alipenya kati yao, mikono ikinuka samaki, akainama.

"Mama yangu wee! Hii si meza yangu? Mwandiko wa marehemu mume wangu huu! Mhandisi, mlituambia kifusi kinakwenda dampo la serikali."

"Bibi, hilo suala linachunguzwa..."

"Nani anachunguza? Wewe?"

Simu zilikuwa juu kila upande. Barragán akarudi ndani. Waliotoka baada yake ni polisi, wakamkamata Eustolia kwa kosa la kutupa taka mahali pa umma. Alilala mahabusu usiku ule.

Video zile zilienea. Barragán alihamishwa, malori yakakoma, na gazeti moja likaandika kuwa wanawake wa mifereji wameshinda. Tuliahidiwa mtambo wa kuondoa kifusi. Haukuja. Tulichimba kwa majembe na kwa mikono hadi kucha zikang'oka, lakini kila tulipotoa jiwe, chini yake kulikuwa na jingine. Mvua ziliponyesha, Eustolia alijaribu kupanda tena. Hakuna kilichoota.

Usiku mmoja, nimelala kwao, nilimsikia akilia jikoni, akijiziba mdomo kwa aproni ili Hilario asisikie. Sikuingia. Ningemwambia nini?

Sasa Hilario amepata kibarua kwenye ujenzi wa soko jipya. Anapakia mabaki ya zege kwenye malori. Jioni Eustolia humpa maharage na tortila za mahindi za moto, na hamuulizi malori hayo yanakwenda wapi.