Maziwa Yasiyoonjwa

Zamu ya kumpelekea mgonjwa chakula ilipomwangukia Donatille, akina mama wa shirika lao la kanisa huko Ndosho, walikokimbilia vita, walitazama chini. Mgonjwa alikuwa Viateur. Kila aliyekimbia vilima vya Masisi alijua kwamba Viateur ndiye aliyewaonyesha wenye silaha bonde walimofichwa ng'ombe, na kwamba Bienvenu, mwana wa pekee wa Donatille, aliuawa akiwalinda. Kiongozi wa shirika akajitolea kumshikia zamu. Donatille akakataa. Yesu alisema tuwatendee mema wanaotuchukia. Hakusema tutafute mwingine wa kututendea.

Alichemsha maziwa, akayatia kwenye chupa, akakanyaga mawe meusi ya volkano hadi kwenye kibanda cha turubai.

Viateur alikuwa amebaki mifupa na macho. Alimtambua. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Donatille akamimina maziwa kikombeni, akamnyooshea.

Hapo akasita. Kwao, anayekuletea kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Lakini mdomo wake ulikataa kushiriki kikombe na mdomo uliomuuza mwanawe. Maziwa nimeleta, akajisemea. Yesu asinidai zaidi.

Viateur alikitazama kikombe, akamtazama yeye, akangoja. Donatille hakuonja. Basi akakipokea kwa mikono miwili, akanywa polepole bila kupumzika, mpaka likabaki funda moja chini.

"Asante, mama," akasema. "Itachukua muda gani?"

"Nini?"

"Sumu." Hakuwa na hasira. "Uko na haki. Nilikuwa naogopa nitakufa na malaria tu, kama mutu asiyekosea mutu."

 Donatille angeweza kunyamaza. Anyamaze tu, aende zake, amwache alale akisikiliza tumbo lake mwenyewe usiku kucha. Alilitaka jambo hilo kwa mwili mzima, kama mwenye kiu atakavyo maji.

Akamnyang'anya kikombe, akalinywa lile funda lililobaki.

"Ni maziwa, papa. Maziwa tu."

Viateur akaigeukia turubai, akaanza kulia kwa sauti ndogo, kama mtu aliyenyimwa kitu alichokwisha kushika. Donatille hakuhisi amani yoyote. Alipangusa mdomo, akaketi chini, akamngoja amalize.