Taa za Wifi Mwanahamisi

Wifi yangu Mwanahamisi namsifu, na asiyetaka kusikia aende zake. Mimi Sofia, fundi wa kushona hapa Kindu, Kongo, mke wa kaka yake Hamadi, simsifu mtu ovyo. Sisi mawifi tunataniana, tunachambana, lakini kwa hili, heko yake!

Sebuleni kwake ana sanduku la kioo lenye maji na samaki wadogo wa mto Lualaba. Samaki si kitu. Roho yake iko kwenye jiwe la katikati, lililoshikwa na majani ya kijani kibichi yanayoota ndani ya maji. Yametoka kwenye kijito kimoja cha porini, upande wa Kama, ambako familia yao ilijificha wakati wa vita, yeye akiwa mtoto. Baba yao, Mzee Amuri, alifia pale na kuzikwa pale. Juzijuzi wachimba dhahabu wamekigeuza kijito kile tope tupu. Hata kaburi halionekani. Mwanahamisi akaokota jiwe moja lenye majani, akarudi nalo ndani ya ndoo, amelipakata juu ya pikipiki njia nzima.

"Hii njo kitu ya baba yenye imebaki," aliniambia.

Akaliweka kwenye kioo, juu yake akawasha taa. Taa gani! Mumewe, Bwana Twaibu, anauza vifaa vya sola sokoni, akaleta ile nyeupe ya kuangazia uwanja wa mpira. Watu wa Kindu tunajijua: wakati wa vita tuliziba hata mwanga wa jiko askari wasituone, basi leo tukipata umeme hatuzimi. Kwa wifi ndiyo zaidi. Nyumba yake inawaka usiku kucha, mchana kutwa, mapazia hana kabisa. Umeme ukikatika ghafla, anatoka nje mbio, miguu mitupu.

Haukupita muda majani yakaanza kuwa manjano, ute wa kijani ukayafunika kama kamasi. Twaibu aliona kwenye simu watu wanavyokuza matumbawe ya bahari kwa taa za buluu, akaleta ya buluu. Ute ukashangilia, majani yakaoza.

"Tuongeze nguvu," akasema Twaibu.

"We baba!" nikampandishia. "Unayakuza ama unayakaanga?"

Mwanahamisi hakucheka. Alikuwa anayagusa majani kwa kidole, nayo yanakatika, machozi yanamtoka.

Mchana mmoja nikamkuta ameketi sakafuni mbele ya kioo.

"Sofia, kule kwa kijito jua haikuwa inafika," akasema. "Miti ilifunga juu yote. Baba alichagua pale kwa sababu ya ile kivuli."

Alijua anachotakiwa kufanya, kutia giza sebuleni, na mimi nilijua. Nilimwonea huruma, yeye asiyevumilia giza. Nikamwambia aachane nayo, majani ni majani tu. Akanikata jicho.

"Nishonee pazia. Zito."

Nikashona la kahawia, nikatia na bitana. Sokoni alizipita taa zote kubwa za mumewe, akachagua moja ndogo ya manjano, ya kuwashia kibanda. Akaitundika mbali na maji, akaifunika nusu kwa karatasi, akaamua itawaka asubuhi mpaka adhuhuri, basi. Taa za sebule akazizima mwenyewe. Kisha akavuta pazia. Jasho lilimtoka, lakini hakukimbilia nje. Nilitaka kumshika, akasema, "Niache." Kesho yake akarudia, na kesho kutwa. Yarabi, moyo gani ule! Mimi mende tu hunihamisha nyumba.

Polepole ute ukaisha. Halafu asubuhi moja, kwenye shina, likachomoza jani jipya limejikunja, dogo kama ukucha wa mtoto mchanga. Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Mwanahamisi hakuinuka. Alikuwa ametulia palepale kwenye kivuli, bila jasho. Nikamuuliza kama hana furaha.

"Niko nayo," akasema. "Wifi, kule porini, jua ikizama, baba alikuwa anatuita polepole, mumoja mumoja kwa jina, ajue kama tuko wote. Sauti yake nilikuwa nimeisahau kabisa. Miaka yote hii, chini ya mataa yangu, naitafuta, siipati."

Akafuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Leo imeniita."