Bakuli Tupu

Nilikuwa nimeviosha vyote na kuvipanga mezani: bakuli la bati lenye maua la Bi Mwanatabu, sahani mbili za jirani Agneta, kikombe cha mama wa dukani. Asubuhi hiyo, hapa Utange, Mombasa, nilikuwa nimeamua kufa, na sikutaka mtu aje kudai chombo chake katika nyumba yenye matanga. Lilikuwa wazo la kipumbavu, lakini ndilo lililonipa nguvu ya kushika sifongo baada ya siku nyingi za kushindwa hata kuchana nywele.

Huzuni ile haikuwa na sababu ya kumwonyesha mtu. Mume wangu Dancun hakunipiga wala hakulewa. Alishinda kiwandani Changamwe, akirudi hoi na kulala. Kanisani waliniombea. Mama alinipigia simu kutoka Bungoma, akaniambia nimshukuru Mungu kwa nyumba ya mawe. Nilimshukuru, kisha nikarudi kitandani, nikajiona namsumbua hata mjusi wa ukutani.

Bi Mwanatabu alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mwenyeji wa Pwani, mkali wa ulimi. Sukuma wiki yangu aliiita majani ya mbuzi. Lakini kila alipopika mbaazi za nazi, bakuli lilifika mlangoni kwangu, nami nikalirudisha na chochote: omena, ndizi, hata mahindi mawili. Huku chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hilo nilifunzwa mapema, kwa kusutwa.

Asubuhi ile nilimkabidhi bakuli lake bila kitu ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alilitazama. Nilingoja kusutwa. "Na vya Agneta ushamrudishia?"

"Nimerudisha vyote."

Aliligeuza bakuli mkononi. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nazi: "Nafula, wataka kujiua?"

Watu walikuwa wameniuliza kama nimekula, kama nimesali, kama nina mimba. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilitaka kucheka nikatae. Nikasema, "Ndiyo," nikalia kilio ambacho sikujua ninacho.

"Ingia ndani," alisema. "Sina maneno ya kukufaa mimi, lakini leo hukai peke yako."

Akampigia Dancun simu, akamtoa kazini kwa matusi ambayo mume wangu bado anayakumbuka. Tulikwenda hospitali wote watatu. Daktari aliniambia ule ni ugonjwa, unaitwa sonona, na unatibika. Niliudhika kidogo kwamba mateso yote yale yana jina fupi hivyo.

Dawa zilichukua muda kunikubali. Kila jioni Bi Mwanatabu alileta bakuli lile, na akiondoka alisema, "Kesho nalitaka, na si tupu." Kuna siku niliamka kwa sababu hiyo tu. Siku moja nilikosa kabisa cha kutia, nikaweka chumvi. Aliipokea, akashukuru, kisha akaniambia watu wa bara tuna uchoyo.

Sasa anaishi kwa bintiye Malindi. Bakuli aliniachia. Jioni hukaa nikimsikiliza ng'ambo ya ukuta, kisha nakumbuka hayupo. Nina hamu ya kumwona.

Chumbani mwake yumo Vivian, mshonaji kutoka Ganze, asiyetembelewa na mtu. Nikimpelekea mbaazi, hulirudisha bakuli na kipande cha muhogo au embe. Jana alilileta limeoshwa, limekaushwa, tupu. Akaniomba radhi kwa usumbufu wa siku zote. Cherehani yake, niliyozoea kuisikia tangu alfajiri, ilikuwa kimya.

Labda hana kitu tu, nilijiambia. Nikainjika chai, nikaiepua kabla haijachemka. Niliogopa kukosea, nikaogopa zaidi kwamba sikukosea. Nikachukua bakuli, nikabisha hodi mpaka akafungua.

"Vivian," nilisema, na sauti ikatoka kama naulizia bei ya nazi, "wataka kujiua?"

Alisogea pembeni, akaniachia nafasi ya kuingia.